Mume wangu asema kabeji yangu yanuka bweni

Shikamoo Somo,

Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, maana ndani siwezi kuandika haya na mavyaa yuko chumba cha pili. Mimi ni mke wa miaka minne hapa Kisauni. Kwetu ni Wundanyi, Taita, juu milimani. Niliolewa na kijana wa Mombasa, tena Mombasa hasa: mamake kazaliwa Majengo, na nyanyake kazaliwa Majengo. Nyumbani tuko sita: mimi, mume wangu, mavyaa, shemeji anayesoma chuo, na watoto wangu wawili, mkubwa wa miaka mitatu na mdogo wa mwaka na nusu.

Mume wangu ni turniboi wa lori. Tangu mwaka jana safari zimepungua, wiki nyingine hutoka mara moja tu, na pesa ya matumizi imepungua nayo. Samaki tuliyekuwa tukimla karibu kila siku sasa ni Ijumaa kwa Ijumaa. Ndipo nikaanza kununua kabeji. Kabeji moja ya shilingi 60 yanitosha siku mbili. Sukumawiki ya pesa hizo, kwa watu sita, haifiki hata jioni.

Shida ni kwamba hawaili. Mume wangu alisoma shule ya bweni miaka minne, na asema kila nikifunua sufuria harufu yamrudisha bwaloni, foleni na sahani mkononi. Juzi aliingia, akasimama pale pale mlangoni, akasema, "Leo tena tumerudishwa bweni?" Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka nao, lakini usiku nililia. Mavyaa yeye hasemi mengi. Huisukuma kando ya sahani, akala sima yake kwa ndimu na pilipili, kisha akawaambia wajukuu, "Kuleni majani ya sungura, mtaota masikio." Na siku moja nilimsikia akimwambia jirani kwamba mke wa mwanawe hajui kupika ila vyakula vya milimani.

Mimi hupika hivi: nakata kabeji vipande vipande, natia maji nusu sufuria na chumvi, nafunika mpaka ilainike kabisa, kama dakika 40. Halafu namwaga yale maji, naikaanga kidogo kwa kitunguu na tungule. Ndivyo mama alivyotupikia, na kwetu sijasikia aliyelalamika.

Kuna na mengine. Hatuna friji, na ile nusu inayobaki kesho yake huwa imenyauka na ukingo umekuwa mweusi. Mtoto mdogo naye akila usiku tumbo humjaa upepo, halali. Nina mtungi mdogo wa gesi na seredani moja. Viungo vya pesa nyingi sina.

Nifundishe njia rahisi, Somo. Na je, nimwambie mume wangu kwamba maneno yake yaniumiza, au ninyamaze?

Mke wa Milimani, Kisauni

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pahali pamoja: maji nusu sufuria, dakika 40. Mumeo hakuwa na adabu kusema vile mbele ya nduguye, na hilo nitalifikia. Lakini pua yake haikusema uongo.

Kabeji ni maji tayari. Gramu 100 za kabeji mbichi, gramu 92 hivi ni maji matupu. Wewe wachukua kitu kilicho maji, wakitosa ndani ya maji mengine, wakifunika, wakiacha robo tatu ya saa. Kisha kuna salfa. Kabeji ina viini vya salfa, ndugu zake vile vya kitunguu na thomu, na vikikaa motoni muda mrefu hugeuka hewa ile ile ya yai viza. Dakika tano za kwanza husikii kitu. Kadiri unavyoendelea kuchemsha ndivyo harufu inavyozidi, na kifuniko chako kinaiweka akiba. Siku ukifunua, yote yatoka kwa pamoja, na aliyesimama mlangoni ndiye wa kwanza kuipata. Shuleni hupika hivyo kwa sababu wana sufuria la watu 600 na mpishi mmoja. Wewe una watu sita.

Usimlaumu mamako. Kule milimani kabeji huchumwa asubuhi na kupikwa siku hiyo hiyo, na kwenye baridi ile sufuria yenye moshi ni jambo la furaha. Hii yetu ya soko la Kongowea haikuota hapa. Joto la pwani haliipendi kabeji. Hushuka kwa malori kutoka Nyandarua, na nyingine kutoka huko huko kwenu Taita. Ya Nyandarua ikifika imekwisha kupigwa jua na kutikiswa kwenye barabara ya kutoka Nairobi, ambayo peke yake ni kilomita karibu 480. Haitaki kuchoshwa tena jikoni. Tena vitamini C yake huyeyukia majini, kwa hivyo ukiyamwaga yale maji, faida yenyewe umeimwaga uani.

Basi maji tuyaache.

Sokoni, usichague kabeji kwa ukubwa. Beba mbili mkononi, chukua iliyo nzito kuliko inavyoonekana, iliyofunga. Ibonyeze kwa vidole gumba: ikibonyea kama mto wa kulalia, ndani ni hewa. Geuza utazame mkato wa shina chini. Mweupe au wa maji ya kunde kidogo ni sawa, mweusi ulioanza kuteleza rudisha. Na iliyopasuka usichukue hata ukipunguziwa.

Sasa kisu. Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nitakaa hapa kidogo. Vua majani mawili matatu ya nje. Weka kabeji kwenye maji ya chumvi kama dakika kumi na tano, kwa sababu viwavi hupenda kujificha kwenye mikunjo, kisha isuuze na uikung'ute. Osha kabla ya kukata, usioshe baada ya kukata. Ukiosha vipande, maji yanashika kila ukingo na utayapeleka yote motoni. Ipasue mara nne kupitia shina. Kila robo utaona ule mti mgumu mweupe wa kati. Ukate kwa mshazari uutoe. Usiutupe. Umenye, uukate vijiti, uwape watoto na chumvi na ndimu, vina utamu kama wa karoti changa. Halafu laza robo upande wake wa bapa na ukate nyembamba, nyembamba kama njiti ya kiberiti. Chukua wakati wako. Kabeji iliyokatwa nyembamba huiva kabla haijapata nafasi ya kunuka, na hiyo ndiyo siri yote. Viungo ni mapambo.

Ya kwanza kupika iwe ya kukaanga kavu. Nusu kabeji yatosha watu sita na sima. Weka sufuria pana, au karai kama unalo, kwenye gesi, moto mkali. Mafuta vijiko vitatu vya mezani. Yakipata moto tia kitunguu kimoja kikubwa ulichokata vipande vyembamba. Kikilainika tu, kabla hakijabadilika rangi, tia tembe mbili za thomu ulizoponda na manjano nusu kijiko cha chai. Hesabu mpaka kumi, kisha mwaga kabeji yote. Itajaa mpaka ukingoni utadhani umekosea, itanywea. Geuza kwa mwiko kutoka chini kuja juu, bila kupumzika, na usikilize. Yatakiwa ilie kama mvua ya mbali kwenye mabati. Sauti ikigeuka ikawa ya kububujika, moto wako ni mdogo au sufuria imejaa kupita kiasi, pika kwa awamu mbili. Dakika ya tatu tia karoti moja uliyokwaruza na hoho ukiwa nayo. Dakika ya tano onja. Ubichi uwe umetoka, lakini jino bado lisikie kitu. Epua.

Chumvi ni sasa, mwisho, si mwanzo. Chumvi huvuta maji. Ukiitia mapema kabeji itaoga katika maji yake na utarudi kule kule bwaloni. Kamua nusu ndimu juu, tia kotmiri, peleka mezani. Usifunike hata mara moja, hata kama simu inalia. Na tungule? Kwenye hii ya kavu iache. Tungule ina maji yake, na utashangaa jinsi mboga moja inavyoweza kuharibu kazi ya nyingine.

Ukiizoea hiyo, badili mwanzo wake. Wagujarati wa mjini hapa hupika ya namna hii waiitayo sambharo: badala ya kitunguu, kwenye mafuta ya moto hutiwa rai, zile mbegu ndogo nyeusi, wakangoja ziruke na kulia, kisha pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, manjano, kabeji na karoti. Dakika tatu nne, basi. Rai utapimiwa kidogo tu kwenye duka la viungo, na kipimo hicho kitakufaa wiki nyingi.

Sasa nazi. Hii ndiyo ya mavyaa wako, na sikuambii uipike peke yako. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nikupe kisa, maana sisi ni watu wa bandari na kisa hiki ni cha mabaharia.

Kapteni mmoja Mwingereza, James Cook, alisafiri duniani kuanzia 1768 na jahazi limebeba mapipa ya kabeji iliyokatwa na kuchachushwa kwa chumvi. Ilikuwa ni kinga ya kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kutoka damu uliokuwa ukiwaua mabaharia kwa kukosa mboga na matunda. Mabaharia wakaikataa, kama watu wa nyumba yako. Cook hakuwaomba. Aliamuru iandaliwe kila siku kwenye meza ya maafisa, kisha akawaachia mabaharia hiari: mtu akitaka ale, asitake aache. Ameandika mwenyewe kwamba haikupita wiki ila ilibidi kila mtu apimiwe fungu lake, kwa jinsi walivyoigombania.

Afisa wa nyumba yako ni mavyaa. Mumeo na shemeji wako wanatazama sahani yake kabla hawajatazama yao. Akiisukuma kando, wote wanaisukuma.

Kwa hivyo siku ya nazi mwendee mapema, mchana, si wakati wa kupika. Mwambie, "Mama, nataka kuitia kabeji tui, na tui langu hukatika. Nisimamie." Usiwe ni uongo, nina hakika lako lakatika kweli, maana la kila mtu lakatika miaka ya kwanza. Mimi mwaka niliolewa nilikamulia ndimu ndani ya tui linalotokota, mbele ya wifi zangu watatu. Likawa chengachenga kama maziwa yaliyoganda, na hakuna aliyesema neno, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kama wangesema. Mwanamke wa Majengo aliyekuna nazi tangu utotoni hataweza kukaa chumbani akisikia mtu anaharibu tui. Atakuja. Ukiweza, mpe mbuzi ya kukunia nazi, akune yeye.

Nazi moja yatosha. Iwe nzito, na ukiitikisa maji yalie ndani. Ikunwe, itiwe nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, ikamuliwe na kuchujwa. Hilo ni tui zito, liweke kando. Machicha yarudishiwe kikombe kimoja cha maji, yakamuliwe tena. Hilo ni tui jepesi.

Hapa seredani ndiyo mwenyewe, kwa makaa yaliyokwisha kushika lakini si ya kuruka cheche. Kaanga kitunguu, tia thomu na kipande cha tangawizi kilichopondwa, manjano nusu kijiko, tungule mbili zilizokatwa ndogo ndogo. Hii ya nazi yakubali tungule. Ziive mpaka mafuta yajitenge pembeni. Mimina tui jepesi, tia chumvi na pilipili mbichi nzima, usiipasue kama watoto wanakula. Likichemka tia kabeji, safari hii vipande vinene kidogo, upana wa kidole, ili visipotee. Dakika sita au saba bila kifuniko. Lile tui litakuwa limepungua na kabeji imelainika lakini bado yashikana. Ndipo umimine tui zito, na kutoka hapo mkono usiache mwiko: koroga polepole upande mmoja, moto mdogo, mpaka lianze kufuka na kuzunguka kabeji kama rojo. Lisitokote kwa nguvu. Likianza kupiga mapovu makubwa epua. Ndimu ni mezani, kila mtu kwenye sahani yake. Hilo mavyaa atakuambia kabla sijakuambia mimi.

Ukipata kamba wakavu, hata gao moja, waoshe, wakaange kidogo wakati wa kitunguu. Hapo umetia samaki ndani ya nyumba bila kununua samaki. Wali mweupe au sima, vyote viwili vyaipokea. Neno moja tu: kama mavyaa ana presha, punguza chumvi, na zile unga za mchuzi za pakiti usizitie kabisa, kwa maana nyingi zake zina chumvi nyingi.

Mengine nitakupitisha haraka kwa sababu yote ni watoto wa hiyo ya kavu. Mayai matatu yaliyopigwa, ukiyamimina pembeni ya sufuria kabeji ikiwa karibu kuiva na ukiyavuruga, yalisha watu sita kwa chapati. Nyama ya kima robo kilo, ambayo peke yake ni aibu kwa nyumba ya sita, ikaange mpaka ikauke na thomu, tangawizi na bizari nyembamba kidogo, kisha tia kabeji iliyokatwa nyembamba. Nyama itaonekana imezaa. Viazi viwili vilivyochemshwa na kukatwa vipande huingia popote. Kwa siku ya pilau, fanya kachumbari: kabeji mbichi nyembamba, na hapa chumvi ndiyo ianze. Itie chumvi, iache dakika kumi, ifinye kwa mikono maji yatoke, ndipo utie kitunguu, embe mbichi ya kukwaruza na ndimu. Ile ile chumvi uliyoikimbia kwenye moto hapa ndiyo mpishi.

Magadi usitie kamwe. Najua kuna wanaoyatia ili kabeji ilainike upesi. Huilainisha mpaka ikawa uji, na vitamini huondoka nayo.

Kuhusu friji: tatizo si joto peke yake, tatizo ni kisu. Ukiipasua kabeji katikati umeifungulia mlango, na ukingo uliokatwa ndio unaokauka na kuingia weusi. Siku unayojua hutaimaliza, usiipasue. Vua majani kutoka nje, moja moja, kadiri unayohitaji, uyapange juu ya jingine, uyakunje kama mkeka na kuyakata nyembamba. Kilichobaki ni kabeji ndogo lakini nzima, imejifunga mwenyewe. Ifunge kwenye gazeti, iweke kwenye kikapu pahali penye upepo, mbali na jiko. Siku tatu, nne, utaikuta. Na yale majani ya nje magumu ambayo hakuna anayeyapenda, yakate membamba sana, tia unga wa dengu, kitunguu, pilipili, kotmiri, chumvi na maji kidogo, ukaange bajia za chai ya saa kumi. Shemeji aliyeshika mbavu kwa kucheka ndiye atakayekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mtoto naye. Kabeji ina aina ya sukari, rafinosi, ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuivunja. Hufika utumbo mpana vile vile ilivyoliwa, vijidudu vikaila huko na kutoa hewa. Tumbo la mwaka na nusu halina nafasi ya hewa hiyo. Usimnyime kabisa. Mpe majani ya ndani yaliyo laini, vijiko viwili tu, tena mchana, usiku umpe kitu kingine. Wazee wetu hutia bizari nyembamba na tangawizi kwenye kabeji kwa ajili ya upepo, na mimi nafanya hivyo hivyo. Lakini akitapika, au tumbo likivimba na kuwa gumu, hiyo si kabeji tena, mpeleke kituo cha afya.

Tumebaki na mumeo.

Mwambie. Usinyamaze, kwa sababu umekwisha kulia usiku mmoja na ukinyamaza utalia mwingine. Lakini si siku ya kabeji, na si mezani. Ngoja mle mshibe, mkiwa chumbani, mwambie kwa maneno machache: "Ulichosema mlangoni mbele ya nduguyo kiliniumiza. Chakula kikikushinda, niambie humu ndani." Basi, unyamaze, usirundike mengine juu yake. Usimkumbushe kwamba pesa ni ndogo. Analijua hilo kuliko wewe, na nadhani nusu ya mzaha ule ilikuwa ni hiyo. Mwanamume aliyekuwa akileta nguru nyumbani halafu akakuta kabeji mara ya tatu wiki hiyo, anaona kushindwa kwake kwenye sahani. Hilo halimpi ruhusa ya kukuchekesha watu, ila litakusaidia kujua sauti gani utumie.

Na yale ya vyakula vya milimani yaache yapite. Uliyasikia akiambiwa jirani, hayakuletwa kwako. Siku mavyaa atakapoulizwa na jirani huyo huyo kabeji ya nazi umejifunza wapi, atajibu yeye, na nina hakika hatasema Wundanyi.

Anza na ile ya kavu, siku mumeo anaporudi safari. Mchana kata kabeji yako, kata kitunguu, ponda thomu, vyote viwekwe tayari chini ya kawa. Songa sima uifunike. Kabeji usiiteleke. Yeye akifika usikie anavua viatu barazani, hapo ndipo utie mafuta motoni. Akimaliza kunawa, nawe umemaliza kupika.